Mji Uliojizuia Kuinuka

Wakazi waliuita Hapa. Idarani waliuita Kule. Jina jingine mji ule haukuwa nalo, na kama uliwahi kuwa nalo basi maji yalilichukua pamoja na kengele ya shule na makaburi ya upande wa chini. Sikudhani, aliyetumwa na Idara ya Vipimo kuupima, alizoea kusema Kule akiwa ofisini na Hapa akiwa amesimama kwenye tope. Ilimchukua muda kutambua kwamba hayo yalikuwa maneno ya watu wawili tofauti, na kwamba wote wawili walikuwa wakiishi ndani ya ngozi yake.

Kazi yake ilikuwa kupima kuinuka. Mafuriko yakishapita, alitumwa akatazame. Daraja limerudi? Bomba linatoa maji? Zahanati iliyo ng'ambo ya mto inafikika? Fundi wa pampu yupo? Mwalimu yupo? Mwosha maiti yupo? Kila alipojibiwa kwamba kipo, au yupo, mji ulipanda alama, na haukuwepo mji mwingine uliopanda kama ule. Tope lilikuwa bado bichi kwenye kuta, na watoto walikuwa wameshakaa darasani. Siku alipoutangaza kuwa wa kwanza katika nchi nzima, wanawake walipiga vigelegele wakamfunga kanga mpya begani, na yeye akalia mbele za watu bila haya. Hilo lijulikane kabla ya mengine yote: Sikudhani aliwapenda watu wale, na alama zile aliwapa kwa haki.

Lakini ni nini hasa kinachoinuka? Swali hilo lilimjia njiani, garini, likamkaa kifuani kama kipande cha muhogo kilichokataa kushuka. Mtu akianguka akasimama, tunasema amesimama yeye. Nyumba ikianguka ikajengwa nyingine mahali pale pale, tunasema nyumba imesimama. Basi mji je? Mji ni kuta zake, au ni wale waliomo, au ni kule kuitana asubuhi kutoka mlango mmoja hadi mwingine? Na kama kila kilichokuwemo kimeondoka na kila kilichowekwa ni kipya, ni nani anayepewa pongezi? Pengine kuinuka ni namna ya kusahau inayofanywa kwa nyundo na misumari. Pengine kilichoanguka bado kiko chini, kimelala kifudifudi, na sisi tumejenga juu ya mgongo wake. Aliwaza hivyo, kisha gari likafika, akashuka, akaanza kuuliza nani yupo.

Hiyo ilikuwa mara ya pili, au ya tatu. Saa za mji zilisimama kila maji yalipokuja, na kila mara watu waliziweka upya kwa kukisia, hata wakati wenyewe ukawa kitu cha kukubaliana tu. Mwenyeji wake alikuwa Bi Havintishi, mwanamke mpana wa mabega, mwenyekiti wa mji kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombea naye.

"Huyu ndiye Mbaruku, mume wangu, fundi wa pampu," Bi Havintishi alisema.

Sikudhani alimtazama huyo mtu. Mbaruku aliyemwacha alikuwa mrefu, mwenye kovu shavuni. Huyu alikuwa mfupi, tena kijana, na shati alilovaa lilimfika karibu na magoti.

"Bi Havintishi, Mbaruku ninayemjua siye huyu."

"Maji yamempunguza."

Watu waliokuwa karibu hawakucheka. Mfupi yule aliinama akaendelea kukaza boliti ya pampu, na pampu ikatema maji safi.

Walipobaki wawili jikoni, Bi Havintishi akiwa anapepeta mchele, ndipo aliposema mengine. "Yule wa kwanza tulimtoa kwenye nyaya za umeme. Huyu alikuwa fundi cherehani. Wewe mwenyewe, mwanangu, ulipokuja uliuliza fundi wa pampu yupo au hayupo. Hukuuliza kama ni yule yule. Tukaelewa unachotaka."

"Mimi sikutaka hivyo."

"Uliandika alama. Tukafurahi." Alipuliza makapi. "Mwalimu unayemwona naye siye. Mwosha maiti siye. Kila pengo tunalo mtu wa kulijaza, na akishalijaza tunamwita kwa jina la aliyelala."

"Na huyo Mbaruku mwenyewe anasemaje?"

"Anasema yeye ni Mbaruku. Siku hizi anaota ndoto za Mbaruku, asubuhi ananisimulia. Nyingine nazitambua."

Mlangoni alipita binti wa yule mama, Kidawa, mwenye mimba changa, amebeba ndoo kichwani huku akiimba kwa kubana pua ili kumwudhi mama yake.

"Na Kidawa?"

"Kidawa ni Kidawa," alisema Bi Havintishi kwa ukali. "Huyo nilimshika mwenyewe kwa nywele mpaka maji yakachoka."

Alama zilikuwa nzuri kuliko mara zote. Sikudhani alizifikisha kwa Mkuu wa Vipimo, katika Mji wenye Vioo, uliokuwa kwenye bonde la pili. Mkuu alikuwa mtu wa sauti laini, na wakati wa mazungumzo alipenda kumenya machungwa kwa namna ambayo ganda lote lilitoka bila kukatika. Alimsifu. Alimwambia kwamba bila alama zake Idara isingejua la kufanya msimu wa mvua.

"La kufanya juu ya nini, Mkuu?"

"Bwawa, Bi Sikudhani. Bwawa likijaa lazima lipumue." Alitenga chungwa vipande viwili juu ya sahani. "Lina milango miwili. Mmoja unatazama huku kwetu, mwingine unatazama Kule. Tukifungua huku, hawa watu wa vioo watafanya nini? Hawajawahi hata kulowa. Wakianguka leo hawainuki. Lakini Kule wanajua. Wewe umetuthibitishia."

Sikudhani alitazama chungwa. Kwa muda hakuelewa Kiswahili alichoambiwa, ingawa maneno yote yalikuwa ya kawaida.

"Nilidhani ni mvua," alisema.

"Ni mvua. Sisi tunaielekeza tu." Akamsogezea sahani. "Kula. Halafu jiandae, maana mlango umefunguliwa jana. Utakwenda kupima."

*

Mimi ndiye mlango. Hapana, mimi nilipima tu. Kidole kinachoonyesha hakipigi. Kinapiga. Niliwapa alama kwa haki, haki yenyewe ndiyo ikawafungulia maji. Ningewapa uongo wangekuwa wakavu. Kwa hiyo upendo ni nini? Kuwa wa kwanza. Kufungwa kanga begani. Mbaruku mrefu kwenye nyaya. Nani aliyemweka pale? Nani yupo? Nani hayupo? Jibu, Bi Mpimaji, yupo au hayupo?

*

Alifika tope likiwa bado linatembea. Daraja halikuwepo. Alivuka kwa kamba iliyofungwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, maji yakimfika kifuani, na alipotoka upande wa pili aliwakuta wameshaanza kuokota mbao kutoka kwenye tope, wanazisafisha na kuzipanga, wengine wakiimba. Wimbo ule ulimchoma kuliko kilio.

"Acheni!" alipiga kelele. "Acheni, jamani! Msijenge!"

Aliwaambia yote. Aliwaambia habari za bwawa na milango miwili, za chungwa na sahani, na alama walizozishangilia. Alisema akiwa amesimama kwenye tope hadi magotini, na hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mtu mmoja aliyeitwa Mshindo, mwashi, mwenye mikono mikubwa kama majembe, aliweka chini ubao aliokuwa ameubeba.

"Kwa hiyo tukiinuka tunapigwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na tukibaki chini?"

"Mkibaki chini hawatakuwa na sababu. Watalazimika kutafuta pengine pa kupeleka maji."

"Tuhame basi," sauti moja ilitoka nyuma.

"Uhamie wapi?" Bi Havintishi aliuliza. "Milima yote ina uzio wa Idara. Bonde lile lina vioo. Hapa ndipo hapa." Aligeuka akawatazama watu wake. Nywele zake zilikuwa zimeganda tope, na kando yake hakuwepo mwanaume yeyote. "Mbaruku hayupo," alisema kwa sauti, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa katika mji ule mbele ya mpimaji. "Na hakuna atakayekuwa Mbaruku. Mbao ziacheni pale. Pampu iacheni ilivyo. Atakayegonga msumari mmoja anatuua sote."

Hivyo ndivyo mji ulivyojizuia kuinuka. Na lisidhaniwe kuwa jambo jepesi. Mikono iliyozoea kujenga huwasha inapokaa bure, na watu walionekana wakifunga na kufungua ngumi bila kujua. Mwanaume mmoja alikamatwa akinyoosha mlango wake uliolegea. Walimtoa nje, wakauvunja mlango mbele yake, kisha wakakaa naye wakalia pamoja. Walijifunza kulala kwenye unyevu. Walijifunza kutoitana majina ya waliokufa, na kwa kuwa majina mengi yalikuwa ya waliokufa, mji ukawa kimya. Aliyekuwa mwalimu alisema asubuhi moja kwamba yeye si mwalimu, ila hakumbuki alikuwa nani kabla, na akabaki amekaa kizingitini akiwauliza wapita njia kama kuna anayemjua. Hakuna aliyemjua.

Sikudhani alibaki nao. Idarani alisema anahitaji muda wa kupima. Alikula walichokula, akaumwa tumbo walilougua, na kila siku alijiambia kwamba mateso haya yana mwisho ilhali yale mengine hayakuwa na mwisho. Je, mtu anaweza kuchagua kuanguka, na bado kuitwa ameanguka? Aliona kwamba hata kukaa chini kwao kulikuwa na mpango, na zamu, na kiongozi, na kwamba hawakuwahi kuwa imara kama walivyokuwa katika kujibomoa. Jambo hilo lilimtisha. Lilikuwa ni kuinuka kulikogeuzwa juu chini, na kama angekuwa mpimaji wa kweli angelipatia alama.

Kisha mke wa Mshindo akaugua kwa maji machafu ya kisima. Pampu ilikuwa ya kutengenezwa kwa nusu siku tu, vifaa vilikuwepo. Mshindo alikwenda kwa Bi Havintishi akapiga magoti, mtu mzima yule.

"Mama, nipe ruhusa nikaze boliti tu. Anywe maji safi, halafu nailegeza tena. Hakuna atakayeona."

"Kesho atakuja mwingine ana mtoto anaharisha."

"Mama, ni mke wangu."

"Na Mbaruku alikuwa nani yangu?" Bi Havintishi alisema. Hakumtazama usoni. "Maji yamenichukulia Mbaruku wawili. Nenda kakae naye, Mshindo. Mshike mkono."

Mke wa Mshindo alikufa. Hakukuwa na mwosha maiti, kwa kuwa nafasi hiyo nayo iliachwa wazi. Mshindo alimwosha mwenyewe kwa maji yale yale yaliyomwua. Tangu siku hiyo alikwenda kukaa kwenye lundo la mbao kando ya mto. Hakuna aliyemweka pale kuwa mlinzi, lakini kila mtu alielewa kwamba analinda.

Uchungu wa Kidawa ulimjia asubuhi, jua likiwa kali. Kwanza alitania, akasema mtoto amechoka kusubiri alama. Kufikia adhuhuri hakuwa akitania tena. Damu ilikuja kabla ya mtoto, na wanawake waliokuwa naye walitazamana, wakasema ni zahanati tu. Zahanati ilionekana pale pale ng'ambo, na bati lake jekundu, na muuguzi aliyevaa nguo nyeupe amesimama barazani akikinga macho kwa kiganja. Alivuka kwa kamba mara mbili siku hiyo kuleta alichoweza kubeba mkononi. Alichokihitaji Kidawa hakikuwa cha kubebwa mkononi.

Walimlaza kwenye mlango uliong'oka, Bi Havintishi mbele, Sikudhani nyuma, wakaingia naye mtoni. Katikati maji yaliunyanyua mlango kama jani. Kidawa alipiga yowe, Bi Havintishi akateleza, na kwa bahati tu wakaweza kumrudisha ukingoni, amelowa, midomo imekuwa ya kijivu.

Sikudhani alikimbilia lundo la mbao. Alishika ubao mmoja akauvuta. Haukusogea. Mshindo alikuwa ameukalia.

"Ondoka, Bwana Mshindo."

"Siondoki."

"Mbao nne tu! Tunazilaza kwenye nguzo zilizobaki, tunamvusha, tunazitoa!"

"Boliti moja tu," Mshindo alisema. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Wewe ndiye uliyetuambia, Bi Mpimaji. Au umesahau? Ulisimama pale, tope hapa."

Sikudhani aligeuka akamwita Bi Havintishi, amwamuru. Mji mzima ulikuwa umekusanyika ukingoni, na mji mzima ulikuwa ukimtazama mwanamke huyo. Angesema neno moja, wangelifanya. Labda hata Mshindo angeinuka. Bi Havintishi alikuwa amepakata kichwa cha binti yake. Alifungua mdomo. Alimtazama Mshindo, akatazama mikono yake iliyolegea mapajani, ile mikono iliyomwosha marehemu. Kisha akafunga mdomo, akainama, akaanza kumfuta Kidawa uso kwa ncha ya kanga.

"Mama," Kidawa alisema, "waambie."

"Sukuma, mwanangu. Sukuma."

Mtoto alitoka hai, wa kike, akilia kwa hasira. Mama yake hakumwona. Jua halikuwa limesogea sana, au ndivyo ilivyoonekana. Saa za mji zilikuwa zimesimama. Mwanamke mmoja aliyemfunga mtoto kwenye kitambaa alisema kwa mazoea, taratibu, "Kidawa," na Bi Havintishi akampiga kofi.

"Kidawa hayupo," alisema. "Huyu hana jina."

*

Mkuu wa Vipimo alikuja mwenyewe baada ya maziko. Gari lake lilisimama upande wa zahanati, na yeye hakukusudia kulowa. Alisimama ukingoni, akautazama mji kwa muda: mapaa yaliyoanguka, pampu iliyonyamaza, watu waliokaa chini kwenye tope wakimtazama. Sikudhani alivuka kwa kamba kumwendea, na moyo wake ulikuwa ukidunda kwa kitu kilichofanana na matumaini.

"Umeona mwenyewe, Mkuu," alisema, akitiririka maji. "Hawainuki. Mji huu hauwezi tena. Mkifungua mlango mtawaua."

"Nimeona," Mkuu alisema kwa huzuni ya kweli. "Mji umekufa. Inasikitisha, tulikuwa tukijivunia." Alifikiri kidogo. "Lakini imeturahisishia. Zamani kulikuwa na maneno maneno Idarani, kuna watu Kule, kuna shule. Sasa kuna nini? Mahali palipokwisha kuharibika ndipo maji yapite. Tutauacha ule mlango wazi moja kwa moja, tusihangaike tena kila msimu."

Sikudhani alitazama ng'ambo. Alihisi meno yake yakigongana.

"Panda garini," Mkuu alisema. "Utapata homa."

Kutoka ng'ambo, juu ya kelele za mto, ilikuja sauti ya Bi Havintishi. "Mwanangu! Anasemaje?"

Watu walikuwa wamesimama. Mshindo alikuwa amesimama juu ya lundo lake. Nyuso zote zilikuwa zimemwelekea, na katika kila uso Sikudhani aliona kilichotolewa: mke, binti, mlango, jina. Angewaambia kwamba vyote hivyo vilikuwa bure? Angewaambia kwa maneno gani, apige kelele namna gani ili yavuke maji yale? Alishika kamba, mkono ukitetemeka. Akavuta pumzi.

"Mmefaulu!" aliita. "Hawafungui tena!"

Kisha mji ukalia, kilio kikubwa cha watu waliokuwa wamekibana tangu maji yalipopita, na katikati ya kilio kile Mshindo akaruka chini, akabeba ubao wa kwanza begani, akaingia nao mtoni. Walimfuata wote. Nyundo zilitoka zilikofichwa. Mtu alianzisha wimbo. Mbao zilikimbia kutoka mkono hadi mkono, na daraja likatoka kwenye ukingo wa pili likawa linakuja, linakuja, mbele ya macho ya Mkuu, ambaye alikuwa amenyanyua nyusi.

"Ajabu," alisema. "Tazama kasi yao. Kumbe bado wangeweza." Aliingia garini, Sikudhani akiwa ameshapanda nyuma, akamgusa dereva begani. "Subiri kidogo, tuone."

Ubao wa mwisho ulipolazwa, wa kwanza kuvuka alikuwa Bi Havintishi, amembeba mjukuu, akielekea zahanati kumtafutia maziwa. Alifika kwenye dirisha la gari akasimama. Alimtazama Sikudhani kwa muda mrefu.

"Ulitetemeka kwenye kamba," alisema kwa sauti ya chini.

Sikudhani alifumbua mdomo, machozi yakatangulia. "Mama, maji yanakuja. Watauacha mlango wazi. Nisamehe. Sikuweza..."

"Nyamaza. Watasikia." Bi Havintishi aligeuka akatazama darajani, ambako Mshindo alikuwa ameketi miguu ikining'inia, anafuta jasho, anacheka na mtu. Kicheko chake kilisikika hadi pale. "Waache wamalize siku yao. Nitawaambia mimi. Ni watu wangu."

Kisha akapitisha mtoto dirishani, akamweka mapajani mwa Sikudhani, akarudi darajani bila kugeuka nyuma.

"Nini hiki?" Mkuu aliuliza.

Dereva aliwasha gari. Mtoto alifumbua macho, akatafuta kifua asikione, akaanza kulia kwa sauti iliyojaza gari zima na kufunika nyundo zilizokuwa bado zikigonga nyuma yao. Sikudhani alimkumbatia kwenye nguo zake zilizolowa, akambembeleza, asijue amwite nani.

Mkuu alipandisha kioo cha dirisha.

"Atazoea," alisema.

Walipita uzio wa milima, wakapita bwawa lililojaa hadi ukingoni, wakashuka kwenye bonde la pili. Mtoto alikuwa bado analia walipoingia katika Mji wenye Vioo, na watu wa huko, ambao hawakuwa wamewahi kusikia sauti ya namna ile, walisimama kando ya barabara kumtazama.